Miaka Yangu kwenye Reli Isiyo na Treni

Wadogo zangu mliobaki pale ofisini Nachingwea mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, maana mnasema mafaili hayaeleweki. Ni kweli hayaeleweki. Mengine yameliwa na mchwa, na yaliyosalimika yaliandikwa na watu waliotaka kuonekana wana shughuli. Basi nitaandika ninayoyakumbuka mwenyewe. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Niliajiriwa nikiwa msichana, karani wa mali katika shirika la reli. Nilitoka kwetu Nkowe kwa baiskeli ya mjomba, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Nilivaa viatu vya ngozi vya kufunga, kwa sababu nilisikia kwenye reli kuna kokoto. Nikakuta jengo refu la mabati lililojengwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Lilikuwa na vyumba sita, wafanyakazi watatu, na kuku aliyekuwa akitagia kwenye trei ya barua zinazoingia.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Hamisi Nalinga, mpimaji wa njia, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Nikampa shikamoo, nikaangalia huku na huku, nikauliza, "Mzee, treni inafika saa ngapi?"

"Ilishapita," akasema.

"Ya saa ngapi hiyo?"

"Ya kabla hujazaliwa."

Nilicheka peke yangu. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa anatania. Waingereza walijenga reli ili ibebe karanga kwenda bandarini. Karanga hazikukubali, reli ikakosa mzigo, mwishowe ikang'olewa. Vipande vyake mnavijua, maana karibu kila shule ya huku ilikuwa inagonga kengele kwa kimoja. Lakini ardhi ilipopita reli haing'olewi. Ilibaki kwenye vitabu kwa jina la hifadhi ya reli, na sisi ndio tuliokuwa tunailinda. Kwa lugha nyepesi, kazi yetu ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayeziba njia ya treni ambayo haiji.

Mzee Nalinga alikuwa amebeba mataruma, yale magogo ya kulazia reli, ujanani, hivyo katika ofisi nzima ni yeye pekee aliyewahi kuona treni ya kwetu kwa macho yake. Alinifundisha kupima kwa mnyororo wa chuma, ule wa vipande vilivyounganishwa kwa pete, ambao ukiubeba kutwa mabega yanakukumbusha hadi Ijumaa. Alinifundisha pia namna ya kuingia kijijini. "Ukifika, salimia. Halafu omba maji, unywe hata kama huna kiu," alisema. "Ukianza na mnyororo kabla ya maji, watakupima wewe." Nimefanya kazi na maofisa wenye shahada mbili ambao hawakuwahi kulijua hilo, na nimewaona wakirudi wanakimbia.

Siku moja tulifika upande wa Chinongwe. Pale kuna tuta la udongo linalokatiza mashamba, refu, limeota nyasi. Kwenye ramani yetu lilichorwa kwa mstari mwekundu, tawi la reli la kwenda Ruangwa. Nikamwambia Mzee, "Lakini hapa sioni dalili ya reli kuwahi kuwekwa."

"Haikuwekwa. Walitifua udongo tu, wakaondoka."

"Sasa mbona ramani inasema kuna reli?"

"Ramani haijafika huku," akasema, akakunja mnyororo wake.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha ikaja sheria ya kwanza, ile ya kugawanya. Wataalamu waligundua kwamba haifai mwenye njia awe ndiye mwenye treni. Kwa hiyo shirika likakatwa mara mbili: moja limiliki njia, jingine liendeshe treni. Mahali penye njia na treni huenda jambo hilo lilikuwa na maana. Kwetu Nachingwea tuligawana kisichokuwepo, na tulikigawana kwa haki kabisa. Mimi nikaangukia upande wa njia, chumba cha kushoto. Mwenzangu Kasimu Mkumba, karani wa masjala, akaangukia upande wa treni, chumba cha kulia. Mimi sikuwa na njia, naye hakuwa na treni, lakini kila mmoja alipata mhuri mpya na kidau cha wino.

Tatizo likawa kabati. Lilikuwa moja, la chuma, la milango miwili. Maelekezo yalisema ramani ziende kwenye njia na barua ziende kwenye uendeshaji. Basi mlango wa kushoto ukawa wangu na wa kulia wa Kasimu, kila mmoja na kufuli lake. Kabati lenyewe likabaki ukumbini, kwa kuwa hakuna sheria iliyosema ni la nani. Tangu siku hiyo, nikitaka kusoma barua inayohusu ramani yangu, ilibidi niandike makao makuu yangu Dar es Salaam, wao waandike makao makuu ya akina Kasimu, halafu wale wamwandikie Kasimu, ambaye alikuwa ameketi hatua nane kutoka kwangu. Niliwahi kuomba nakala moja. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, likisema ombi langu lipitie ngazi husika. Siku hiyohiyo Kasimu aliingia chumbani kwangu kuniomba chumvi.

Mzee Nalinga alistaafu katika kipindi hicho na haukupita muda Mungu akamchukua. Tulimzika kwao, na mwanawe aliniletea ule mnyororo ofisini akisema baba aliusia nipewe mimi. Nilipouandikia barua ili uingizwe kwenye orodha ya vifaa, nikajibiwa kwamba mnyororo si mali ya shirika la njia, kwa sababu ulinunuliwa na shirika lililogawanywa. Nikaupeleka nyumbani.

Halafu, nikiwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, ikaja sheria ya pili, ya kuunganisha. Wataalamu wengine, au labda walewale, waligundua kwamba haifai mwenye njia asiwe ndiye mwenye treni. Mashirika mawili yakafanywa moja tena. Tuliletewa nakala ya sheria, nami niliisoma yote. Sijisifu, mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na pa kwenda.

Wenzangu walisoma ukurasa mmoja tu, wa wafanyakazi, uliosema kwamba hakuna mtumishi atakayewekwa katika hali duni kuliko aliyokuwa nayo kwa sababu ya muungano. Kasimu alikuja na ukurasa huo mkononi.

"Bi Somoe, tumeungana. Idara moja, nafasi moja, meza moja. Katika sisi wawili, nani ndiye hatakuwa katika hali duni?"

"Meza yenyewe mguu mmoja ni tofali," nikamwambia. "Sote tupo salama."

Tulicheka, lakini usiku, kila mtu kwake, nadhani hatukucheka. Nawaambia hivi ili muelewe nilichofanya baadaye.

Aliletwa mratibu wa muungano kutoka makao makuu, Bwana Kiondo, kijana mstaarabu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka lina makali. Alikuja na fomu. Akauliza, "Mama, hapa mna mabehewa mangapi?"

"Hatuna."

Akaandika sifuri. "Yapo katika hali gani?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania, fomu haikuruhusu kuacha nafasi wazi. "Andika nzuri," nikasema. "Hakuna hata moja lililoharibika."

Akaandika nzuri. Nasikia kituo chetu kilitajwa kwenye taarifa kuwa miongoni mwa vilivyotunza mabehewa vizuri.

Mambo yaliharibika alipofungua ramani yangu na kuona ule mstari mwekundu wa Chinongwe. Uso ulimng'aa. Baada ya wiki nzima ya kuandika sifuri, alikuwa amepata kitu. Alitaka kujua kama kuna watu juu ya tuta. Nikasema wapo, familia kumi na moja zina nyumba, na mikorosho yao imepandwa palepale, kwa sababu tuta halituamishi maji.

"Ni wavamizi," akasema. "Sheria mpya inasema mali zote za mashirika ya zamani zimehamia kwetu. Wekeni alama. Siku tisini waondoke."

Nilijua lile tuta halijawahi kubeba reli. Nilijua pia kwamba nafasi ni moja na jina la nani litapelekwa liko mkononi mwa huyu kijana. Nilinyamaza. Nikanunua kopo la rangi nyekundu na brashi, nikapanda bodaboda kwenda Chinongwe, na nikapiga alama ya X kwenye nyumba kumi na moja kwa mkono huu ninaoandikia. Sikuomba maji. Niliona aibu kuyaomba.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mwanahawa, mjane mwenye umri wa mama yangu, nyumba ya udongo iliyosiribwa vizuri, uwanja umefagiwa. Alitoka akiwa na ungo, akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikiwa nimechelewa kabisa.

"Marahaba. Hiyo ni nini unatuandikia?"

"Ni alama ya reli, bibi. Hapa panatakiwa reli ipite."

"Itapita lini?"

"Haijulikani."

"Na mimi nitoke lini?"

"Siku tisini."

Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo ya kwangu ndiyo inayojulikana," akasema, akaingia ndani. Nilidhani amekasirika, kumbe alikwenda kutafuta. Akarudi na mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya shirika la zamani, lile la kabla ya kugawanywa, ikiiandikia serikali ya kijiji kwamba shirika halina tena haja na ardhi ya tawi la Chinongwe na linairejesha kwa wanakijiji. Mume wake alikuwa mjumbe wa kijiji, ndiye aliyeitunza. Lakini mchwa walikuwa wameila sehemu ya chini yote. Hapakuwa na sahihi, hapakuwa na mhuri, wala kumbukumbu namba.

Niliipeleka kwa Bwana Kiondo. Aliishika kwa ncha za vidole. "Mama, karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia maandazi," akasema, akanirudishia.

Nilitoka hadi ukumbini nikasimama mbele ya lile kabati. Barua ya namna ile haitoki bila nakala kubaki ofisini, na barua zote zilikuwa mlango wa kulia. Kasimu alinikuta hapo. Nikamweleza. Alifikiri, kisha akasema maelekezo yanakataza kufungua kabati mpaka ije kamati ya makabidhiano kutoka Dar es Salaam.

"Itakuja lini?"

"Haijulikani," akasema, na mimi nikajikuta nacheka kicheko kibaya, maana ndilo jibu nililompa yule bibi. Nikamsimulia yote, pamoja na rangi, pamoja na kwa nini nilinyamaza. Nikamwambia, "Kasimu, ukinipa barua hiyo, mimi nitaisimamia mbele ya Kiondo. Jina litakalopelekwa litakuwa lako. Sina ugomvi."

"Unadhani nitafungua kwa sababu hiyo?" Kasimu akauliza, na sauti ilionyesha nimemuumiza. Akatoa ufunguo. "Sheria inasema tumeungana tangu mwezi uliopita. Hakuna mlango wangu tena wala mlango wako. Nani atanikabidhi nini?"

Tulitafuta siku mbili, vumbi mpaka kwenye kope. Tuliiona siku ya pili adhuhuri, nakala safi, sahihi, mhuri na namba. Na pembeni, kwa penseli, maandishi ya Mzee Nalinga: *ramani irekebishwe*. Ramani haikurekebishwa, kwa sababu kugawanywa kulifika kwanza, ikafungiwa mlango wa kushoto na barua wa kulia.

Mkutano ulifanyika Chinongwe, kwenye darasa la shule, watu wazima wamekalia madawati ya watoto, magoti kifuani. Mtendaji wa kijiji alifungua, kisha Bwana Kiondo akasimama. Barua alikuwa ameshaiona, na safari hii hakuzungumzia mhuri. Alisema kwa upole kabisa, "Ndugu zangu, barua ni halali. Lakini aliyeiandika ni shirika la zamani. Shirika hilo lilishakufa, na likazaa mawili, na hayo nayo yamekufa. Ahadi ya marehemu haitufungi sisi."

Bi Mwanahawa alinyoosha mkono, akasimama bila kusubiri kuruhusiwa. "Mwanangu, mume wangu naye kafa. Mbona mikorosho aliyopanda bado inazaa?"

Watu wakaguna. Akaendelea, "Mnasema ardhi ya huyo marehemu mmeirithi. Sawa. Kwetu mrithi hachagui. Huwezi kubeba shamba la baba, wosia wake ukauacha kaburini."

Hapo nikasimama. Nikafungua ile nakala ya sheria kwenye kifungu nilichokisoma siku ya mvua, nikakisoma kwa sauti: kwamba vinavyohamia kwa shirika jipya ni mali zote, haki zote *na wajibu wote* wa yale ya zamani. "Mkuu," nikamwambia Bwana Kiondo, "ulinisomea mali. Hukuendelea mbele. Bibi huyu hajui kusoma, lakini kifungu chote amekisema."

Bwana Kiondo alichukua nakala, akasoma, akarudia. Akasema anahitaji kuwasiliana na wanasheria wa makao makuu. Lakini Chinongwe pale shuleni simu hazishiki. Mtendaji akamwelekeza: mtandao unapatikana juu ya tuta tu. Basi mkutano mzima ukatoka nje kumtazama mratibu wa muungano akipanda tuta la reli na viatu vyake vinavyong'aa, simu imeinuliwa juu, akizunguka huku na huku kutafuta mtandao. Alizungumza muda mrefu. Tulimwona akitikisa kichwa, kisha akiinamisha. Aliposhuka, soksi zimejaa miba ya nyasi, akatangaza kwamba shirika, kwa kujali wananchi, limeamua kuheshimu barua yake lenyewe.

Akina mama walipiga vigelegele. Kasimu alinishika mkono, akasahau kuuachia. Kwenye taarifa yake Bwana Kiondo aliandika kuwa mgogoro ulitatuliwa kutokana na uratibu bora, na sikumwonea choyo. Alikuwa kijana, na siku ile alisoma sheria hadi mwisho wa sentensi, jambo ambalo si wengi wanaliweza. Kuhusu ile nafasi moja, makao makuu yalituchagua sote wawili kwa makosa, na hakuna aliyeandika barua kuuliza.

Zikabaki zile X. Niliomba kibali cha kuzifuta. Nikajibiwa kwamba ipo fomu ya kuweka alama, na ipo fomu ya kubomoa nyumba yenye alama, ila fomu ya kufuta haijawahi kutengenezwa kwa kuwa haijawahi kuhitajika. Kasimu akasema twende tu. Tukaenda Jumamosi moja kwa bodaboda, na brashi za chuma na ndoo. Safari hii niliomba maji kila nyumba, nikanywa mpaka tumbo likawa gumu.

Nyumba kumi zilikwenda vizuri. Kwa Bi Mwanahawa rangi ilikuwa imeingia sana kwenye udongo, kwa sababu pale, siku ile, nilipiga kwa hasira ya kujionea aibu. Nikasugua. Haikutoka. Nikasugua kwa nguvu zaidi, na bonge zima la ukuta likaangukia ndani, likaacha tundu linaloweza kupitisha ndoo. Nikabaki na brashi mkononi. Kupitia tundu nikamwona Bi Mwanahawa ameketi jikoni, sufuria mbele yake, vumbi kichwani. Alitutazama mmoja mmoja.

"Haya," akasema. "Reli imepita. Zungukeni mlangoni mje mle."

Tulikula ugali na mboga ya kunde. Kesho yake tukarudi, Kasimu akakanyaga udongo kwa miguu, mimi nikasiriba, bibi akisimama nyuma yangu akinirekebisha kila mahali. Katika miaka yangu yote ya reli hiyo ndiyo kazi pekee ya ujenzi niliyowahi kufanya. Nilipita mwezi uliopita kuitazama. Haijapata ufa.